Kichwa changu kidogo cha treni kinazima kila kikifika kwenye pointi

Mzee Fundi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Changamwe, Mombasa, na sasa naishi Baltimore, Marekani, na mke wangu na watoto wetu wawili. Marehemu baba alikuwa shanta katika yadi ya Kilindini enzi za East African Railways. Kazi yake ilikuwa kukata na kuunganisha mabehewa, na hadi anastaafu hakuna mashine aliyoisifu kama vichwa vya moshi vya kushanti. Hadithi zake ndizo zilizonitia mapenzi ya reli.

Nilipohamia huku nikagundua kuna watu wazima wanaojenga reli ndogo majumbani, kila kitu kwa vipimo. Nami nimejenga yangu. Ni rafu ya mita 2.4 kwa sentimita 40, imekaa ukutani sebuleni. Kipimo ni HO, yaani 1:87. Nimeigiza bandari ya Baltimore miaka ya 1940, na njia nimezipanga kwa mtindo wa Inglenook: njia tatu za kuegesha mabehewa na pointi mbili, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Umeme wangu ni DC wa kawaida, sijahamia DCC, ule mfumo wa kidijitali ambao kila kichwa kina kifaa chake cha kupokea amri (dikoda).

Shida yangu ni kichwa cha kuyavuta hayo mabehewa. Nilinunua cha mkononi, yaani kilichokwisha tumika, kidogo sana, magurudumu manne tu, tangi la maji limekaa mgongoni kama tandiko. Ni mfano wa vile vilivyofanya kazi magatini hapa hapa Baltimore. Kwa sura nimekipenda mno. Lakini kikifika kwenye pointi kinazima. Nakisukuma kwa kidole, kinashtuka, kinagonga mabehewa, behewa la mwisho linaanguka njia. Nikiongeza umeme ili kisizime, kinapita kwa kasi ambayo hakuna shanta angekubali kusimama karibu nayo. Reli nimezisafisha hadi zinang'aa. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye ndiye mwenzangu katika kazi hii, ameanza kuyasogeza mabehewa kwa mkono na kukiacha kichwa kimekaa.

Nimetenga dola 200. Mmoja ananiambia ninunue kidogo kama hicho hicho ila kipya. Wa pili anasema nichukue cha 0-6-0, yaani cha magurudumu sita, chenye tenda, lile behewa la maji na makaa linalofuata nyuma ya kichwa, nami naogopa tenda itakula nafasi yote ya rafu. Wa tatu ananiuzia cha shaba tupu, kazi ya Japani ya zamani. Wa nne anasema moshi niusahau, ninunue dizeli. Hilo la nne, mzee wangu, sitaki. Nikitazama rafu hii nataka kumwona baba kazini.

Nifanyeje?

Mwana wa Shanta, Baltimore

*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako.

Nunua 0-6-0 yenye tenda, ila uhakikishe inachukua umeme kwa magurudumu yote, ya kichwa na ya tenda. Kabla hujatoa hata dola moja, tenga jioni moja ushughulikie pointi zako, kwa kuwa sehemu kubwa ya ugonjwa iko huko. Ukileta kichwa kipya juu ya pointi zile zile, utaniandikia tena.

Kichwa cha moshi cha HO hakina moto wala mvuke. Kinaishi kwa umeme unaopanda kutoka reli mbili, ukapita kwenye magurudumu, ukaguswa na vibati vyembamba vya shaba, ndipo ukaifikia mota. Kila gurudumu linagusa reli kwa doa dogo kuliko kichwa cha sindano. Magurudumu manne yaliyofungwa kwenye fremu ngumu ni kama kigoda cha miguu minne juu ya sakafu isiyo sawa: mitatu inakanyaga, mmoja unaning'inia. Kwa hiyo hata kwenye njia iliyonyooka, upande mmoja wa kichwa chako mara nyingi unategemea gurudumu moja. Vumbi kidogo likikaa hapo, mota imekosa umeme.

Halafu kije kwenye pointi. Tazama kile kipande chenye umbo la V, pale reli mbili zinapokatana. Katika pointi nyingi za bei nafuu, kipande hicho ni plastiki, au ni chuma kisichounganishwa na waya wowote. Kimekufa. Sasa pima nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma la kichwa chako. Katika vidogo vya aina hiyo huwa karibu sentimita mbili na nusu hadi tatu, nayo sehemu iliyokufa ya pointi mara nyingi haipishani sana na urefu huo. Hapo ndipo upande mzima unabaki bila umeme, au unategemea ukingo wa gurudumu moja. Kichwa kinazima, unakisukuma kwa kidole, kinapata umeme wote kwa mpigo na kurukia mabehewa. Uliyoyaeleza ndiyo hayo, wala si kwamba mota yako imechoka.

Basi anza na pointi. Ukizigeuza utaona kama kipande cha V ni chuma au plastiki. Kikiwa chuma, lehemu waya mwembamba chini yake na uupeleke kwenye swichi ndogo inayogeuka pamoja na pointi, ili V ipate umeme wa reli ya kushoto au ya kulia kulingana na njia iliyofunguliwa. Swichi ya kusukuma kwa mkono, ile ya kuteleza ya vifaa vya redio, inatosha: unaifunga ubavuni mwa rafu na fimbo yake inasukuma ulimi wa pointi na kubadili umeme kwa wakati mmoja. Kikiwa plastiki hakuna dawa, ibadilishe pointi. Peco ya Uingereza inatengeneza pointi zenye V ya kuwekewa umeme na nyingine zenye V iliyokufa. Za kwanza imeziita Electrofrog, za pili Insulfrog, na siku hizi iko Unifrog ambayo wewe mwenyewe unachagua kuiunga waya au kuiacha. Unazo mbili tu. Ningekuwa na dola 200, sehemu ya kwanza ya pesa hiyo ningeiweka hapa.

Ukiwa bado chini ya rafu, lehemu waya wa umeme kwenye kila kipande cha reli. Usitegemee vile vibati vya kuungia reli kupitisha umeme. Leo vinapitisha, baada ya miezi kadhaa vinashika kutu kwa ndani, na kwa macho huoni kitu. Na kama ulisafisha reli kwa msasa, acha, kwa kuwa msasa unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu haraka zaidi. Kitambaa na spiriti vinatosha, na magurudumu nayo uyafute. Watu husugua reli wiki nzima na kusahau kwamba masizi yamejaa kwenye gurudumu.

Sasa kichwa chenyewe.

Tarakimu za 0-6-0 maana yake hakuna magurudumu madogo mbele, sita yanayoendeshwa katikati, na hakuna mengine nyuma. Reli za Marekani zilipenda mpangilio huo kwa kushanti kwa sababu uzito wote wa kichwa unakanyaga magurudumu yanayovuta, na kichwa kifupi kinapita kona kali za yadi. Hakikuhitaji magurudumu ya kukiongoza, kwa vile hakikukimbia. Desemba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani ilichukua uendeshaji wa reli, na chombo kilichosimamia kazi hiyo, USRA, kikatoa michoro ya vichwa vya aina 12 vya kutumiwa na makampuni mbalimbali. 0-6-0 ilikuwa mojawapo, zikajengwa 255, na Baltimore and Ohio (B&O) ilikuwa miongoni mwa reli zilizozipata. Kwa hiyo ukiweka 0-6-0 ya USRA kwenye bandari yako ya miaka ya 1940 hujaivunja historia. Siku ukipata nafasi, mpeleke binti kwenye makumbusho ya B&O hapo mjini kwenu akakione kichwa namba 4500, kilichotoka kiwanda cha Baldwin Julai 1918, cha kwanza kabisa kujengwa kwa michoro hiyo ya USRA. Hicho ni 2-8-2 cha mizigo ya safari ndefu, si cha kushanti, lakini akisimama ubavuni mwake ataelewa ukubwa wa kitu mnachokiigiza sebuleni.

Kwa hesabu ya umeme, 0-6-0 iliyotengenezwa vizuri ina magurudumu matatu kila upande chini ya kichwa na manne kila upande chini ya tenda. Saba kushoto na saba kulia, yametandazwa kwa urefu wa zaidi ya sentimita 15. V iliyokufa haiwezi kuyazima yote saba kwa pamoja. Na magurudumu ya tenda yamefungwa kwenye vigari viwili vinavyojipinda kufuata njia, hivyo yanakanyaga kweli. Wewe unatumia DC ya kawaida, na hilo linaongeza uzito wa ushauri wangu. Wenye DCC huweka kapasita ndani ya kichwa, ikashikilia umeme wa sekunde moja au mbili kikapita juu ya uchafu bila kushtuka. SoundTraxx, TCS na ESU wote wanauza vitu hivyo kwa ajili ya dikoda zao. Kwenye DC tupu hutapata msaada huo, kwa hiyo wingi wa magurudumu yanayochukua umeme ndio kinga yako.

Hofu yako ya nafasi ni ya haki kabisa, tena nafurahi umeiwaza kabla ya kununua. Inglenook, mchezo wa kupanga mabehewa alioubuni Alan Wright wa Uingereza, una njia ya kuegesha mabehewa matano na mbili za matatu matatu. Ule mkia wa njia ambao kichwa hutokea kabla ya kurudi nyuma lazima umeze kichwa pamoja na mabehewa matatu, si zaidi, si pungufu. Mkia ukiwa mfupi, mchezo unakufa. Behewa la futi 40 kwa HO, pamoja na vifungio vyake, ni kama sentimita 15 na nusu. Matatu ni 47. 0-6-0 ya USRA na tenda yake ni kama sentimita 20, basi mkia wako unataka 67. Pointi mbili zilizofuatana, weka 45. Njia ya mabehewa matano ni 78. Jumla 190. Rafu yako ni 240. Nafasi unayo, na kuna nusu mita ya kujengea bohari. Kama mkia ulionao sasa uliukata kwa kipimo cha kile kichwa kidogo, utahitaji kusogeza pointi ya kwanza sentimita kumi hivi. Ifanye kazi hiyo siku ile ile unayofunga waya, ili usibomoe mara mbili. Mabehewa manane yenye mipangilio 6,720 ya kuunda treni ya matano yatakutunza wewe na binti kwa miaka.

Madukani na kwa mkononi, ninayoipendekeza kwa kazi yako ni ile USRA 0-6-0 ya mfululizo wa Proto 2000. Life-Like waliianzisha, na Walthers wakaichukua waliponunua treni za Life-Like mwaka 2005. Inachukua umeme kwa magurudumu ya kichwa na ya tenda, ina uzito wa kutosha, na inapita kona yenye nusu kipenyo cha inchi 18. Kwa pesa uliyobaki nayo baada ya pointi, tafuta ya mkononi isiyo na sauti. Bachmann nao wamekuwa na 0-6-0 kwa miaka mingi, lakini zimepitia vizazi tofauti vya mitambo chini ya sura ile ile, kwa hiyo usinunue kwa picha ya boksi. Uliza ni ya kizazi gani na uione chini.

Ukiishika mkononi, igeuze. Tafuta vibati vya shaba vinavyogusa kila gurudumu. Kisha chukua kifaa cha kupimia umeme (multimita) uhakikishe kila gurudumu kweli linafika kwenye waya wa mota. Hapa kuna mtego: vichwa vingi vya zamani vina tenda inayochukua umeme, ndiyo, lakini tenda inachukua wa reli moja tu na kichwa kinachukua wa reli nyingine, umeme ukivuka kwenye chuma cha kuunganishia. Muuzaji atakuambia kwa moyo safi kwamba tenda inachukua umeme. Kichwa hicho kitazima kwenye pointi karibu sawasawa na chako cha sasa. Tazama pia mpira uliovishwa gurudumuni. Unaongeza nguvu ya kuvuta, lakini gurudumu lenye mpira halipitishi umeme. Kwa mabehewa matano kwenye njia tambarare huuhitaji.

Kisha kiendeshe taratibu kabisa. Kikichechemea mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, basi ama gia imepasuka au fito za pembeni zinazounganisha magurudumu hazijapishana sawa. Upande wa kulia na wa kushoto lazima vipishane robo mzunguko. Grisi iliyokauka inasafishika, gia iliyopasuka inataka kutafutiwa nyingine, na usilipe bei ya kichwa kizima kwa kitu kinachochechemea. Kama muuzaji yuko mbali, mwombe video, na umwambie unataka kuiona ikitembea mita moja kwa sekunde 40. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni sawa na kilomita nane kwa saa, mwendo ambao shanta anaweza kutembea haraka kando ya behewa. Hapo ndipo kichwa cha kushanti hujulikana. Kila kichwa kinajua kukimbia.

Hao washauri wako wengine sikuwapuuza. Aliyekuuzia wazo la kidogo kipya hajakosea kwa kila hali. Hornby ya Uingereza ilitoa mwaka 2016 kichwa cha Peckett W4, magurudumu manne tu, na kilitembea vizuri mno kwa sababu mota, gia na uzito wake vilifikiriwa upya kabisa. Lakini hicho ni cha kipimo cha 1:76 na ni cha viwanda vya Uingereza, hakina cha kufanya Baltimore. Wajerumani wa Märklin wao walilikwepa tatizo zamani: kichwa kinachukua umeme mmoja kwa kiatu kirefu kinachoteleza juu ya vinundu vya katikati ya njia, na reli zote mbili zinabeba umeme wa pili. Vichwa vyao vidogo vinapita pointi bila wasiwasi. Kuhamia huko ni kung'oa njia zako zote, kwa hiyo sikushauri. Cha shaba cha Japani ni kazi ya mikono ya kuheshimika, lakini vingi vya zamani vina mota zinazokula umeme mwingi, gia zenye kelele, na vinadai fundi mwenye subira. Usikifanye kichwa chako cha pekee cha kufanyia kazi. Na dizeli umeikataa, nami nakuunga mkono. Reli ndogo hujengwa kwa ajili ya kitu ambacho mtu anataka kukiona, na wewe umesema unataka kumwona baba yako. Shirika alilolitumikia lenyewe lilikuwa na vichwa vya tangi vya Klasi 13, vilivyojengwa na North British ya Glasgow kwa kushanti mizigo mizito, hivyo moshi kwenye rafu yako una sababu.

Kile kidogo usikiuze. B&O iliagiza vinne vya aina hiyo kutoka Baldwin mwaka 1912, daraja la C-16, kwa ajili ya njia za Pratt Street na magatini ambako kona zilikuwa kali mno. Vikapendwa kwa udogo wake, na ndiyo maana Varney, Rivarossi na wengine walivitengenezea mifano iliyojaa madukani kwa miaka mingi. Lakini baadaye viwili kati ya hivyo vinne viliondolewa tangi la mgongoni na kupewa tenda. Kwa hiyo ukikitafutia kichwa chako tenda fupi, ukaifunga vibati vya shaba kwenye magurudumu yake yote, ukapitisha nyaya mbili nyembamba hadi kwenye mota, utakuwa umefanya jambo ambalo reli yenyewe ililifanya. Kama hutaki kukigusa tangi, fungia vibati hivyo kwenye behewa moja na uliunganishe na kichwa daima, nyaya zikipita chini ya kifungio. Ni kazi ya jioni chache, na kwa kuwa hicho si kichwa mnachokitegemea tena, binti anaweza kushika chuma cha kulehemu wewe ukimwongoza.

Fundi